Kwanini kujikubali kunachukua miaka: majibu kutoka kwenye vyumba vya sanaa

Kuna swali watu wanauliza sana, na wengine wanauliza kwa nia nzuri kabisa: mtu kama amejua tangu yuko shule kwamba anavutiwa na watu wa jinsia yake, inakuwaje anafika miaka thelathini na tano bado anapigana na hilo jambo, bado anaamka usiku kuomba liondoke, ana mchumba ambaye anamdanganya huku na yeye mwenyewe anajidanganya, si ajikubali tu yaishe? Shida ya hilo swali ni kwamba linachukulia kujua na kukubali ni kitu kimoja, na sio kitu kimoja hata kidogo. Kujua kunaweza kuja kwa sekunde moja, umemwangalia mtu darasani na moyo umeshtuka, umejua. Kukubali ni habari ya miaka, na wengine wanazeeka nalo bila kufika.

Nimesoma maelezo mengi ya kisaikolojia kuhusu hii ishu na yananisaidia, lakini niseme ukweli, walionifanya nielewe vizuri zaidi ni wasanii, tena wale wasanii ambao hawachori picha ya kutundika, wanatengeneza chumba kizima halafu wewe unaingia. Kwa Kiswahili cha siku hizi tunasema insitalesheni. Nataka nieleze kwanini vyumba vinaweza kueleza kitu ambacho vitabu vinakielezea kwa shida, lakini kwanza tuweke msingi.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Australia anaitwa Vivienne Cass alipanga safari ya kujitambua kwa hatua sita: mtu anaanza na kuchanganyikiwa, anaingia kwenye kujilinganisha na wenzake, anajivumilia, anajikubali, anajivunia, mwisho anaunganisha hiyo sehemu na maisha yake yote. Imekosolewa sana baadaye kwa sababu maisha ya watu hayaendi kama ngazi, mtu anapanda anashuka anaruka, lakini kuna jambo moja Cass aliliona vizuri mno ambalo huwa linapitwa, kwamba kabla ya kukubali kuna kuvumilia, yaani mtu anakaa na nafsi yake kama anavyokaa na mpangaji asiyempenda kwa vile hana pa kumpeleka. Watu wengi sana wamekwama hapo. Kwa nje unaona mtu ametulia, kumbe ndani anajivumilia tu.

Halafu mwaka 2003 mtafiti mwingine, Ilan Meyer, akaandika kuhusu stresi wanayobeba watu wa makundi madogo, na hapo kitu muhimu ni kwamba alitenganisha yale yanayokupata kutoka nje, kama kupigwa, kufukuzwa kazi, kutukanwa, na yale yanayoendelea ndani hata siku ambayo hakuna aliyekugusa. Ya ndani ni kama matatu hivi. Unasubiri kukataliwa muda wote, kwa hiyo mwili hauko relaksi hata kidogo. Unaficha, na kuficha ni kazi, kila sentensi inabidi uipime kabla haijatoka. La tatu ndo baya kuliko yote, yale maneno ya watu yanakuwa maneno yako, unajiangalia kwa macho ya wale wanaokuchukia.

Na hata hospitali zilichangia kuchanganya mambo. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, watu wakashangilia, lakini kwenye orodha hiyohiyo mpya kukabaki kipengele kingine kidogo, cha mtu ambaye mwelekeo wake unamsumbua na anatamani ungekuwa tofauti. Yaani hisia sio ugonjwa tena, ila kuteseka nazo ndo ugonjwa. Umefundishwa tangu utotoni kwamba wewe ni uchafu, ukiumia kwa kufundishwa hivyo, unaandikiwa wewe kwamba una tatizo! Kipengele hicho kimekuja kuondolewa kwenye orodha iliyoanza kutumika Januari 2022, juzi juzi tu.

Kwa hiyo mimi ninachoamini ni hiki, na makala yote inasimama hapo: ugumu wa kujikubali haukuzaliwa na mtu, umejengwa. Umejengwa na kuta, na macho ya watu, na sheria, na sala, na mapenzi ya mama ambayo unaogopa kuyapoteza. Na kitu kilichojengwa kinaonekana vizuri zaidi ukiwa umesimama ndani yake kuliko ukihadithiwa.

Mtu aliyekulia nyumba za mawe za Lamu hii hahitaji kufundishwa. Mgeni wa kawaida anaishia daka, yaani kibaraza cha mlangoni. Akiwa wa karibu kidogo anavuka tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, anafika kiwanda, yaani ua wa ndani, na kule msana na ndani, vyumba vya nyuma, ni kwa watu wa nyumba wenyewe. Hakuna kibao kinachosema usipite, lakini mwili wako unajua uko wapi na wewe ni nani kwa nyumba hiyo, hata sauti unaishusha bila kuambiwa. Insitalesheni inatumia ujuzi huohuo wa mwili. Haikuambii aibu ni nini, inakupitisha kwenye mlango mdogo mpaka uiname.

Tuanze na Robert Gober. Alizaliwa 1954 huko Wallingford, mji wa jimbo la Connecticut Marekani, familia ya Kikatoliki, utotoni alitumikia altareni. Katikati ya miaka ya 80 akiwa New York akaanza kutengeneza masinki. Sio kununua, kutengeneza kwa mkono, plasta na waya na mbao na rangi juu yake, ukipita haraka unadhani ni sinki la dukani. Ukikaribia unaona halina bomba, pale bomba lilipotakiwa kuwa pana matundu tu, na maji hayatakuja.

Sasa weka hiyo picha na mahali alipokuwa. UKIMWI ulikuwa umeanza kuripotiwa Marekani 1981, na katika miaka aliyokuwa anatengeneza masinki hayo marafiki na majirani walikuwa wanakufa, huku kwenye magazeti na makanisani watu wakisema ni adhabu. Na yeye ametoka kwenye dini ambayo usafi wa roho ni jambo la kila wiki. Muislamu anayetia udhu na Mkatoliki anayetoka kitubioni wote wanajua ile hisia ya kurudi msafi. Lakini wewe ambaye umeambiwa uchafu wako sio kitu ulichofanya bali ni wewe mwenyewe, unanawa nini? Unasimama mbele ya sinki, mikono iko tayari, hakuna maji. Sijaona maelezo ya kitaalamu yanayofikisha jambo hilo kwa haraka hivyo, kwamba kujichukia kwa namna hii hakumalizwi na ibada yoyote, kwa sababu unajaribu kuosha kitu ambacho sio uchafu.

Mwaka 1989 kwenye galari ya Paula Cooper, New York, akapanga vyumba viwili. Kimoja ndo nataka tukae nacho. Katikati kuna gauni la harusi, jeupe, la satini, limeshonwa kwa mkono na limesimama lenyewe kwa sababu ndani lina chuma, hakuna bibi harusi. Pembeni mwa kuta kuna mifuko ya mchanga ule wa choo cha paka, nayo ameitengeneza mwenyewe. Na kuta zimebandikwa karatasi ya ukutani yenye mchoro unaojirudia rudia, mzungu amelala usingizi, na mtu mweusi amenyongwa kwenye mti, mzungu amelala, mtu mweusi amenyongwa, mpaka kwenye dari.

Ule mchoro ni wa historia ya mauaji ya watu weusi Marekani na niseme wazi haifai mtu kuuchukua akaugeuza uwe habari ya mapenzi peke yake, ni damu ya watu ile. Ila namna alivyoutumia inafundisha kitu kinachogusa ishu yetu. Ubaya umerudiwa mara nyingi mpaka umekuwa pambo. Ukiingia kwa mbali unaona karatasi nzuri ya sebuleni, inabidi usogee ndo ushtuke. Aibu inawekwa hivyohivyo. Hakuna mzazi anayemkalisha mtoto chini siku moja akamwambia leo nakufundisha kujichukia. Ni utani wa mjomba kwenye harusi, ni mahubiri ya Jumapili au hotuba ya Ijumaa, ni jirani anayetajwa kwa sauti ya chini, ni vichekesho vya kwenye TV ambapo mwanaume anayeongea kwa madaha ndo wa kuchekwa, kidogo hapa kidogo pale, mpaka inakuwa ukuta wa nyumba uliyokulia na unaacha kuuona. Kisha gauni liko katikati linasubiri. Yule anayetakiwa kulivaa au kumwoa atakayelivaa anajua siku yake inakuja, presha ya ndoa haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa huku kwetu.

Kitu kinachonifanya nimpende Gober ni kwamba hakuishia pale. Mwaka 1992 taasisi ya Dia hapohapo New York ikampa nafasi kubwa, akachora msitu kuta zote, mchana, miti mpaka huwezi kuona mwisho. Kwenye kuta akaweka masinki, na safari hii yana mabomba na maji yanatiririka muda wote, unayasikia. Basi ungedhani tumefika, mtu amejikubali, kwisha. Hapana. Juu kabisa kuna madirisha yenye nondo za gereza, anga linaonekana nyuma yake. Chini kuna maboksi ya sumu ya panya, na marundo ya magazeti yaliyofungwa kamba kama ya kutupa. Ukiinama kusoma, kwenye mojawapo kuna habari kwamba Vatikani inaruhusu ubaguzi dhidi ya watu wa mapenzi ya jinsia moja, na pembeni yake kuna tangazo la gauni la harusi, na aliyevaa hilo gauni ni Gober mwenyewe.

Yaani maji yamerudi, msitu upo, na nondo bado zipo, na sumu ipo chini ya miguu. Hiyo ndo picha ya kweli zaidi ya kujikubali ninayoijua. Sio siku ya ushindi. Ni kwamba sasa maji yanatoka ingawa nyumba haijabadilika yote, na ile sura uliyoiogopa, yaani kuonekana, umeiweka wewe mwenyewe gazetini.

Felix Gonzalez-Torres yeye alikwenda njia nyingine kabisa. Alizaliwa Guáimaro, Cuba, mwaka 1957, akapelekwa nje akiwa mtoto, akakulia Puerto Rico, akafika New York 1979. Mpenzi wake Ross Laycock alifariki kwa UKIMWI Januari 1991, yeye mwenyewe akafuata Januari 1996 akiwa na miaka 38. Kazi zake karibu zote aliziita bila jina, halafu kwenye mabano anakuachia kidokezo kidogo. Mazoea hayo tu yanatosha kumfikirisha mtu anayejificha.

Kazi inayojulikana sana ni ya mwaka 1991, iko kwenye jumba la sanaa la Chicago, lundo la peremende zilizofungwa kwa karatasi za rangi, zimemwagwa kwenye kona. Kidokezo kinasema ni picha ya Ross akiwa Los Angeles. Uzito uliopangwa ni ratili 175, kama kilo 79 hivi, na wengi wanausoma kama uzito wa mwanaume mzima mwenye afya. Wewe uliyekuja unaruhusiwa kuchukua moja ukala. Kila anayepita anachukua, lundo linapungua kama mwili wa mgonjwa ulivyopungua, halafu wenye jumba wanaweza kulijaza tena.

Fikiria mwaka huo. Watu walikuwa wanaogopa kutumia kikombe alichotumia mgonjwa, wauguzi wengine walikuwa wanaacha sahani ya chakula mlangoni, na huyu anakwambia chukua, weka mdomoni, ni tamu. Ninavyoelewa mimi, kazi ile inajibu kile kitu cha tatu cha Meyer, yale macho ya chuki uliyoyameza. Hakuna hotuba inayoweza kuyaondoa macho hayo ndani yako. Ila ukiona mtu baada ya mtu, mama na watoto wake, mlinzi, mtalii, wanainama kwa heshima wanachukua kipande cha mtu aliyependwa na mwanaume mwenzake, wanaondoka wanatafuna, kuna kitu kinalegea. Umeuona mwili kama wako ukipokelewa.

Na aliijua siasa vizuri. Miaka ile wabunge wa Marekani walikuwa wanapiga kelele kuhusu picha za wanaume uchi kwenye majumba ya sanaa yanayopata pesa za serikali. Yeye akatundika saa mbili za ukutani, zinafanana kabisa, zimegusana, zimewekwa muda uleule, na kwa sababu betri hazilingani moja itaanza kuchelewa. Kidokezo kinasema ni wapenzi waliokamilika. Alieleza kwenye mahojiano kwamba saa mbili kama hizo zinawatisha wenye mamlaka kuliko picha ya ngono, kwa sababu hawawezi kuzishika wakazitumia kuchochea watu. Utamshtaki nani, saa?

Kisha kuna kitanda. Kisa chake kinaanza Atlanta mwaka 1982, polisi alimkuta Michael Hardwick chumbani kwake na mwanaume mwingine akamkamata, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1986 majaji wakasema katiba haiwalindi watu hao hata wakiwa chumbani. Uamuzi huo ulikuja kufutwa 2003. Mwaka 1992 Gonzalez-Torres akachukua picha ya kitanda cha watu wawili, shuka zimevurugika, mito miwili ina alama za vichwa, hakuna mtu, akaiweka kwenye mabango makubwa ya barabarani sehemu 24 za jiji la New York bila neno hata moja. Walikuwa wamesema chumba chako sio chako, basi akakitoa chumba barabarani. Waliopita na mabasi wengi waliona kitanda tu. Anayelala na siri kila usiku aliona kitu kingine, na hapo kuna faraja ambayo ni ngumu kuieleza, kuzungumziwa hadharani na mtu anayejua bila wewe kutajwa.

Kuna nyingine nitaigusa kidogo, jukwaa la rangi ya bluu nyepesi lenye balbu kuzunguka pembeni, mwanaume mmoja amevaa kaptula ya fedha anakuja kwa siku mara moja, saa ambayo haijatangazwa, anapanda na hedfoni zake anacheza muziki ambao ni yeye tu anausikia, dakika chache, anashuka anaondoka. Muda mwingine wote taa zinawaka na jukwaa liko tupu. Ukitaka kumweleza mtu maisha ya kujificha yanavyokuwa, muonyeshe hiyo. Na yale mapazia yake ya shanga, ambayo huwezi kwenda chumba cha pili mpaka upite katikati yake na yakuguse mabegani, sisi tumekua na milango ya namna hiyo lakini sidhani kama tuliwahi kufikiri kwamba kupita mlango kunaweza kuwa jambo zito kiasi kile.

Berlin kuna kazi ya wasanii wawili, Michael Elmgreen na Ingar Dragset, mnara wa kumbukumbu ya watu wa mapenzi ya jinsia moja walioteswa na Wanazi, uliofunguliwa Mei 2008 kwenye bustani ya Tiergarten, ng'ambo ya barabara kutoka kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa. Ni boksi la zege, refu kuliko mtu, lina kidirisha kimoja, na ndani kuna video ya watu wa jinsia moja wakibusiana. Ili uone lazima usogee uchungulie. Unajikuta umekaa mkao wa mwizi kuangalia watu wanaopendana, na ni mkao huohuo ambao kijana amekaa nao miaka yote akijiangalia mwenyewe kwa kuiba. Wanazi waliwahukumu wanaume kama elfu 50 kwa sheria ya kifungu cha 175, na sheria yenyewe ilikuja kufutwa kabisa 1994, wengi waliohukumiwa wakiwa wameshakufa na rekodi ya jinai.

Ila mtu asije akafikiri kwamba sheria ikibadilika basi na moyo umemaliza. Afrika Kusini katiba ya 1996 ilikuwa ya kwanza duniani kutaja wazi kwamba mtu asibaguliwe kwa mwelekeo wake wa mapenzi, na ndoa zikaruhusiwa 2006. Mwaka huohuo Nicholas Hlobo, Mxhosa aliyezaliwa Cape Town 1975, alikuwa anatengeneza zizi. Kazi inaitwa Umthubi, miti imepangwa kama zizi la ng'ombe, imesukwa kwa ribeni na vipande vya mpira wa tyubu za gari. Kwa Waxhosa zizi ni sehemu ya wanaume, mambo ya ukoo na mababu yanahusika hapo, na Hlobo hakulikataa wala hakulichoma. Alilijenga upya, akaingiza ribeni, kitu ambacho watu wanakiona cha kike, katikati ya nguzo zenyewe. Kuna nyingine ya mwaka huo, mtu amevaa jinzi na raba, ameinama, na sehemu yote ya juu ya mwili imeingia kwenye mfuko mkubwa mweusi wa mpira, anatafuta kitu na hujui ni nini.

Hapa kuna jambo ambalo Waafrika tunalielewa na wenzetu wa New York pengine hawalioni haraka. Kwa wengi wetu swali sio mimi ni nani peke yangu. Swali ni mimi ni nani kwa bibi yangu, kwa ukoo, nani atanizika, nani ataitwa kwa jina langu. Mtu anaweza kuwa ameshamaliza kabisa kugombana na nafsi yake na bado akawa hajajua atasimama wapi kwenye zizi. Ndo maana ushauri wa kukata familia na kuanza upya mjini, ambao unawafaa wengine, kwa wengi wetu unasikika kama kukatwa mguu. Hlobo anatafuta njia ya kubaki ndani na ribeni zake, na mimi naona ni kazi ngumu kuliko kuondoka.

Wengine hawakupewa nafasi ya kuchagua. Leilah Babirye, alizaliwa Kampala 1985, akatangazwa gazetini kwamba ni msagaji, familia ikamkataa, akaenda Marekani na kupewa hifadhi 2018. Anachonga mbao, anafinyanga udongo, halafu anavalisha sanamu zake takataka za mtaani, minyororo ya baiskeli, makopo, tyubu za matairi, na anazipa majina ya koo za Buganda. Mwaka 2024 sanamu zake zilisimama kwenye kanisa dogo la zamani huko Yorkshire Uingereza, kundi zima, ndefu kuliko wewe, umeingia na umejikuta mgeni kwenye ukoo wa watu waliotupwa. Kule alikotoka sheria ya 2023 imeweka mpaka adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Ukoo ulimtoa, akauchonga.

Kenya vifungu vya 162 na 165 vya kanuni ya adhabu viliachwa na wakoloni na bado vipo, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Tanzania adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Rwanda na Congo sheria haitaji kosa hilo, ila ukimuuliza mtu wa Goma au Kigali atakwambia familia haisubiri sheria. Nataja haya kwa sababu kuna wanaosema mtu ambaye hajajitangaza bado hajajikubali, na mimi hilo silikubali hata kidogo. Hizo ni hesabu mbili tofauti. Kujikubali ni kuacha kujiangalia kwa macho ya chuki, kujitangaza ni kuamua nani ajue, na mtu anayeishi mahali ambapo jirani anaweza kukupeleka polisi ana haki ya kufunga mlango wake bila kuitwa mwoga. Gonzalez-Torres alitundika saa mbili. Zilikuwa kweli tupu.

Na ndo maana nimemweka Kawira Mwirichia mwisho. Alikuwa msanii wa Kenya, amefariki 2020, na mwaka 2017 kwenye ukumbi wa Goethe-Institut Nairobi alionyesha kazi ya kanga, moja kwa kila nchi aliyoichagua, kila moja inasherehekea historia ya mapenzi na mapambano ya watu wa mapenzi ya jinsia moja kwenye nchi hiyo. Na ni kanga kamili, ina pindo, ina mji, ina jina lake, yaani lile neno la chini. Wazo lake lilitoka kwenye arusi, ile desturi ya wanawake kutandika leso chini bibi arusi apite juu yake asikanyage vumbi. Watu ambao hawajawahi kutandikiwa, yeye akawatandikia.

Rudi kwenye lile gauni la Gober, limesimama na chuma ndani, halina mtu. Kule harusi ndo inayotisha, ndo presha yenyewe. Mwirichia amechukua harusi hiyohiyo, na nguo ambayo kila mama wa pwani na bara anayo kabatini, nguo tuliyobebewa mgongoni na tutakayofunikiwa nayo, akasema na nyie ni wa humu. Hakutuletea lugha ya mbali tuanze kuifasiri. Alitumia kitu ambacho bibi yangu angekishika angejua pa kuanzia kusoma, kwanza rangi, kisha mji, kisha jina. Mtu wa Likoni au Tandale ambaye hana mpango wa kukanyaga galari ya New York maisha yake yote, na ambaye leo usiku yuko palepale kwenye kujivumilia, mimi ningemwonyesha kanga hizo kabla ya kazi nyingine yoyote niliyoitaja hapa.